Nibaki hosteli na Waturuki, au nihamie kwa wenzangu tunaozungumza Kiswahili?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 21, mzaliwa wa Tanga. Nasoma uhandisi wa chakula mjini Kayseri, katikati ya Uturuki, kwa ufadhili wa serikali ya huku unaoitwa Türkiye Bursları. Nakuandikia kwa sababu natakiwa nitoe jibu kabla chuo hakijafunguliwa Septemba, na nyumbani sijajua nianze na nani.

Kuna wasichana watatu, mmoja wa Mombasa, mmoja wa Dodoma na mwingine wa Bujumbura, ambao wamepata nyumba ya kupanga na wanatafuta mtu wa nne ili kodi igawanyike. Wameniomba mimi. Nikikubali, natoka hosteli ya serikali ambako silipi chochote na nakula humo humo asubuhi na jioni, naanza kulipa kodi, umeme, maji na gesi ya kupashia nyumba joto. Posho ya ufadhili haiongezeki eti kwa kuwa umehamia mtaani. Na bei za huku, Shangazi, zinapanda hadi wenyeji wenyewe wanalalamika dukani.

Ukisikia hivyo utasema jibu liko wazi, nibaki. Naomba unisikilize kwanza.

Ufadhili huu unakupa mwaka mzima wa kujifunza Kituruki kabla hujaanza masomo, na lazima ufike ngazi ya C1, yaani ya kuimudu lugha vizuri. Nilifika, na kwa alama nzuri. Lakini Kituruki cha darasa la lugha mwalimu anakitamka taratibu, akiona umekunja uso anarudia. Kwenye ukumbi wa chuo mhadhiri anaongea huku ameugeukia ubao, anatupia utani, wenzangu mia wanacheka, mimi bado natafuta kitenzi kilichokaa mwisho wa sentensi. Tukiambiwa tujigawe makundi ya maabara, wakati namaliza kuelewa tumeambiwa nini, makundi yameshajaa. Si kwamba wananichukia. Wananisalimia vizuri, mtaani wananiomba tupige picha, bibi kizee kwenye tramu aliwahi kunifunga vizuri skafu yangu ili baridi isiniingie shingoni. Ila mazungumzo yanaishia hapo. Zinapita siku ambazo kutoka asubuhi hadi usiku nimesema "asante", "samahani" na "nashuka kituo kinachofuata", basi.

Nyumbani mimi ndiye nilikuwa msemaji. Kwenye ngoma za madrasa, kwenye vikao vya ukoo, nikiingia watu wanasogeza viti. Huku wanaonijua wananijua kama msichana mpole asiye na neno. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko baridi, ingawa na baridi nayo ipo. Mji uko juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na mlima Erciyes wenye mita 3,917 tunauona dirishani na theluji yake. Desemba jua linachomoza karibu saa mbili asubuhi. Saa za huku ni zile zile za Tanzania, maana Uturuki iliacha kurudisha saa nyuma mwaka 2016. Kwa hiyo mama akinipigia saa moja asubuhi anasikia nanong'ona, ananiuliza mbona nimelala hadi sasa, kwake jua limeshawaka zamani. Nanong'ona kwa sababu chumbani tuko wanne na watatu wamelala. Nashuka kwenye ngazi kuzungumza naye, hapo napo walinzi wanapita, na mambo mengine huwezi kumwambia mama yako umesimama kwenye ngazi.

Sasa Jumamosi. Jumamosi naenda kwa hao dada watatu. Unga wa mahindi wa aina yetu ni wa kutafuta, kwa hiyo ugali tunausonga kwa semolina, wenyewe wanaiita irmik. Unamimina kidogo kidogo, maana inavuta maji haraka kuliko sembe, ukizubaa inashikana mabonge. Tunakula na mchicha wa huku na samaki wa kukaanga. Wiki nzima hosteli nimekula supu ya dengu, mkate na mtindi uliomwagwa juu ya chakula cha chumvi, ambao nimeuzoea na hata nimeanza kuupenda. Lakini ule ugali! Na si ugali tu. Naongea kwa sauti yangu. Wa Mombasa ananikatiza, namkatiza, tunabishana samaki anaungwaje, wa Bujumbura anatucheka wote. Nikirudi hosteli jioni kuweka kidole kwenye mashine ya mahudhurio najisikia mtu kamili tena. Jumatatu naingia darasani nina nguvu.

Upande wa pili ni huu. Katika wale tunaolala nao yupo mmoja wa Sivas, mji wa huku huku Uturuki, anasomea ualimu. Kila usiku anachukua ripoti yangu ya maabara, anakaa ukingoni mwa kitanda changu, anapigia mstari penseli palipokosewa kisha ananisubiri nirekebishe mwenyewe. Hanipi jibu. Sikukuu ya Ramadhani hakukubali nibaki hosteli peke yangu, alinichukua hadi kijijini kwao. Nilifuata alivyofanya yeye: nikaubusu mkono wa bibi yake nikaugusisha kwenye paji la uso. Yule bibi akanishika mashavu, akaniwekea mfukoni peremende kama wajukuu wengine, na wakati wa kuondoka akanipa soksi za sufu alizofuma mwenyewe. Nikihama, urafiki hautakufa, najua. Lakini nani atakaa ukingoni mwa kitanda changu na penseli?

Nilimuuliza wa Bujumbura, ambaye ndiye aliyetangulia na yuko mwaka wa mwisho. Hakunificha. Alisema tangu atoke hosteli Kituruki chake kimerudi nyuma, ana masomo mawili ya kurudia, lakini pia tangu atoke hosteli hajalia usiku. Nimelala na maneno hayo, sijajua nishike lipi.

Na lipo la mama. Kwake hosteli ni ulinzi. Kuna geti, kuna saa ya kurudi, kuna wanawake watu wazima wanaosimamia. Binti kupanga nyumba ugenini, hata kama ni na wasichana wenzake, atalichukulia kuwa nimeanza kuharibika. Kaka yangu aliuza pikipiki yake ili nipate pasipoti, nguo za baridi na pesa ya kuanzia. Ufadhili unalipa tiketi ya kuja na ya kurudi ukihitimu, katikati ni juu yako, kwa hiyo siwezi kwenda kukaa na mama barazani nikamweleza uso kwa uso. Ni kwa simu tu, kwenye ngazi.

Kwa hiyo naomba msaada wako, na wa wasomaji waliosoma nje. Mliohamia kwa watu wa kwenu, masomo yalikwendaje? Je, kuna njia ya kubaki hosteli nikapata watu wa kuzungumza nao humu humu, bila kusubiri Jumamosi? Nimefikiria kumfuata mhadhiri wa maabara nimwombe anipangie kundi yeye mwenyewe, lakini naogopa ataniona mzigo. Aliyewahi kufanya hivyo aniambie alianza na neno gani.

Walioishi Uturuki nawauliza pia kuhusu anwani. Kibali chetu cha ukaazi kinakwenda na anwani, na Julai 2022 ilitangazwa mitaa 1,169 nchini ambayo wageni wapya hawangeandikishwa. Mwenye nyumba anasema mtaa wake hauna tatizo na anataka amana mapema. Mlihakikisha vipi kabla ya kutoa pesa?

Na wewe Shangazi, kama mama, niambie hili moja. Mama yangu nimwambie sasa kwamba nina upweke, kabla sijaamua, au niamue kwanza ndipo nimweleze? Nikimwambia sasa atakosa usingizi. Nikinyamaza, atasikia kwa wengine, maana Tanga habari haikai.

Wenzangu wanasubiri jibu langu hadi mwisho wa Agosti.

Mwanao,
Msomaji wa Kayseri