Barua kwa akina baba wenzetu wa Kiswahili hapa Marekani mlionunua bastola

Wanangu, habari za huko mliko. Juzi nilikuwa kwenye matanga kwa mmoja wenu, nikaingia chumbani kuchukua koti, katoto ka miaka saba kakaniambia babu usikae hapo, chini ya kitanda kuna bunduki ya baba. Kalisema kawaida tu, kama anayekuonyesha viatu vilipo. Nikamuita baba yake, boksi likafunguliwa, kufuli la waya alilopewa dukani lilikuwa bado kwenye plastiki yake.

Sigombani na mtu kwa nini amenunua. Najua mnaingia kazini usiku mke na watoto wanabaki peke yao, na wengine mmetoka Kivu, mnajua mlango kugongwa usiku ni nini. Lakini tangu 2020 risasi ndizo zinazoua watoto na vijana wadogo wa nchi hii kuliko hata ajali za gari, na zaidi ya nusu ya wanaokufa kwa bunduki hapa wamejiua wenyewe, kwa hiyo kama nyumbani kuna mtu amekata tamaa hiyo bastola iondoke kabisa, iende kwa mtu mwingine unayemwamini.

Wengine mnaniambia mzee tunasubiri bastola janja, zile zinazomtambua mwenyewe na kukataa kumfyatulia mtu mwingine. New Jersey walitunga sheria 2002, kwamba zikianza kuuzwa popote nchini basi baada ya muda maduka yao yauze hizo tu, matokeo yake wapenda bunduki wakazipiga vita zisiuzwe kabisa, mpaka 2014 mwenye duka mmoja Maryland akatishiwa kuuawa kwa kutaka kuuza bastola janja ya Armatix, ile inayoenda na saa ya mkononi, akaacha. Sheria ikaja kubadilishwa 2019. Na hiyo Armatix yenyewe mtu aliifungua kwa sumaku za bei rahisi tu. Sasa kuna ya Biofire, inasoma kidole na sura, ilipotangazwa 2023 ilikuwa kama dola 1,500, mwenye uwezo anunue, mimi naiunga mkono. Ila ya kwako iliyoko chini ya kitanda leo inamtii yeyote anayeishika.

Sasa fanya hivi. Toa magazini, kile kibebeo cha risasi kinachoingia kwenye mpini. Hapa ndipo wengi wanakosea jamani, magazini ikitoka wanadhani bastola ni tupu kumbe risasi moja imebaki kwenye chemba, pale nyuma ya mtutu, na bastola nyingi zitaifyatua hiyo hata bila magazini. Vuta slaidi, ile sehemu ya juu ya bastola inayoteleza, nyuma ikae hapo, angalia kwa macho, kama ni giza papasa kwa kidole, ndio upitishe waya kwenye tundu la kutolea maganda utokee chini magazini inapoingia, funga. Risasi zikae kwingine kwenye kufuli lake. Ufunguo utembee na wewe, sio droo ya jikoni, watoto wanaijua droo ya jikoni kuliko wewe.

Unayeogopa kuchelewa mwizi akija, tafuta kasha dogo la chuma linalofunguka kwa kidole chako. Na kama kufuli ulilitupa, polisi wa miji mingi wanayatoa bure, mimi mwenyewe ninayo matatu kwenye gari, nipigie hata usiku nitakuletea.