Vipimo vya vizimba vyetu vianze kukaa ufukweni

Mhariri,

Nafuga sato kwenye vizimba vya nyavu ziwani hapa Luchelele, Mwanza. Mwaka jana nilifunga vihisi viwili vya kupima joto la maji na oksijeni, kila baada ya dakika 10. Yaani kihisi kimoja hutuma vipimo mara 144 kwa siku. Vipimo vyote huenda kwenye seva, kompyuta za mbali za aliyeniuzia (nchi gani, sikuambiwa), ndipo vinirudie kwenye simu.

Usiku mmoja mtandao ulikata saa nane. Oksijeni hushuka zaidi kuelekea alfajiri, maana gizani mwani nao huivuta bila kutengeneza nyingine. Asubuhi nikakuta samaki wanaelea. Kihisi kilikuwa kizima, kilipima vizuri tu, ila kikikosa mtandao hakihifadhi chochote! Mzee tunayepakana naye, ambaye kipimo chake ni kutazama sato wakija juu kuhema, ananicheka hadi leo.

Kinachotakiwa ni kisanduku kidogo ufukweni chenye kadi ya kumbukumbu. Kipokee vipimo, kipige king'ora chenyewe oksijeni ikishuka, mtandao ukirudi kipeleke vilivyobaki. Tena si lazima vyote visafiri. Wastani wa kila saa unatosha, na bando litapona.

Wauzaji watuambie kabla hatujalipa: vipimo vinakaa wapi, kwa muda gani, na nikihamia kwa mwingine nitapewa faili la vipimo vyangu? Mimi nilipoliomba, nilitumiwa picha za skrini.

Mfuga sato,
Luchelele, Mwanza