Barua ya wazi kwa vijana wa vibanda umiza na mafundi dishi kabla ya AFCON 2027

Wanangu mnaoendesha vibanda umiza, nanyi mafundi mnaowafungia madishi, kuanzia Temeke na Manzese hadi Mombasa, Kisumu na Kampala, habari za kazi.

Fainali za AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, za mwaka 2027 zimepewa Kenya, Tanzania na Uganda kwa pamoja. Agosti 2025 tulionjeshwa: CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, ilifunguliwa Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, Taifa Stars ikaichapa Burkina Faso 2-0, na mashindano yakahitimishwa Kasarani, Nairobi, pale Morocco walipoifunga Madagascar 3-2. Mkapa unaingiza watu wapatao 60,000. Wengine wote, wazee kwa watoto, mechi wataionea kwenu. Mtu aliyelipa kiingilio ana haki ya kuiona dakika ya 89 kama alivyoiona ya kwanza, na ndiyo maana nawaandikia mapema.

Neno langu kubwa ni hili: picha ikikatika, mara nyingi kosa haliko angani. Liko kati ya dishi na king'amuzi, kwenye mita thelathini ambazo mmezifunga wenyewe kwa mikono yenu.

Setilaiti za matangazo zimekaa juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini, zikizunguka sawasawa na dunia inavyozunguka. Ndiyo sababu dishi likishalengwa halihamishwi tena. Kazi hii si ngeni: Olimpiki ya Tokyo ya 1964 ilivushwa Pasifiki na setilaiti ya Syncom 3. Leo Azam TV inatoka setilaiti iliyo longitudo nyuzi 7 mashariki, na DStv ya huku kwetu nyuzi 36 mashariki. Ukiwa Dar es Salaam, ile ya nyuzi 7 iko magharibi ikiegemea kaskazini kidogo, dira 281 (nyuzi za kuhesabu kutoka kaskazini kuelekea mashariki), mwinuko nyuzi 52 kutoka usawa wa ardhi. Ukiwa Nairobi ni dira 272, mwinuko 55. Ile ya nyuzi 36 iko karibu na utosi: mwinuko 81 kwa Dar, 88 kwa Nairobi.

Sasa angalieni ugumu wa kulenga. Dishi la sentimita 90 kwa mawimbi ya Ku, haya ya madishi madogo ya runinga, lina jicho la nyuzi mbili tu kwa upana. Ukikosea kwa nyuzi moja, nusu ya nguvu imepotea, na king'amuzi bado kitaonyesha picha nzuri kwa sababu jua linawaka. Fundi anachukua hela yake anaondoka. Wingu la kwanza likija, picha inaganda, na lawama zote anapewa mvua.

Anzeni na nguzo. Bomba liwe wima kweli, lipimwe kwa pimamaji pande mbili zinazokutana kwa pembe mraba. Nguzo ikiinama, namba za mwinuko zilizochongwa kwenye kishikio zinakuwa uongo. Na msiyaamini macho: madishi yetu ya kawaida ni ya ofseti, yanapokea kutoka nyuzi 25 hivi juu zaidi ya pale sura ya dishi inapoelekea. Lile la nyuzi 52 litaonekana kama linatazama chini mno, lakini liko sawa. Someni kipimo cha kishikio, kimeshahesabu tofauti hiyo. Dira ya simu isomeni mkiwa mbali na mabati, kwani chuma huivuta sindano.

Wekeni mwinuko kwanza, kisha zungusheni dishi polepole, kiasi cha upana wa kidole, msubiri sekunde tatu nne kila hatua. King'amuzi cha dijitali hakijibu papo hapo. Ukizungusha haraka utaipita setilaiti bila kuiona. Kwenye skrini kuna vipimo viwili, nguvu na ubora. Nguvu inapanda hata kwa kelele tupu, hata dishi likitazama ukuta. Fuateni ubora. Ukishaupata, sogeza kushoto hadi ushuke, kulia hadi ushuke, kisha rudi katikati ya alama hizo mbili. Fanya hivyo hivyo juu na chini. Nati zikazwe kwa zamu, kidogo kidogo, huku jicho likiwa kwenye kipimo, maana kukaza upande mmoja kwa nguvu kunalivuta dishi lote.

Halafu LNB, kile kichwa kilicho mbele ya dishi kinachopokea mawimbi. Hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea, na kosa lenyewe linaeleweka. Picha za kwenye maboksi zinachorwa kwa ajili ya watu wa mbali na ikweta, ambako LNB inageuzwa kidogo tu. Sisi tuko karibu na ikweta na setilaiti ya nyuzi 7 iko mbali magharibi, kwa hiyo mawimbi yanatufikia yakiwa yamelala: kwa Dar LNB inageuka nyuzi 77 hivi, kwa Nairobi karibu robo duara. Ukiiacha wima kama kwenye picha, mawimbi ya wima na ya mlalo yanaingiliana, au baadhi ya chaneli zinashika na nyingine hazishiki kabisa. Legeza kishikio, izungushe taratibu, simama ubora unapofika kileleni. Dakika tano hizo zinaweza kukupa desibeli kadhaa bila kununua kitu.

Wenye kipima-setilaiti cha mkononi, msiishie kwenye asilimia, kwa sababu kila kampuni inazihesabu kivyake. Angalieni desibeli, yaani mawimbi yanavyoizidi kelele. Chaneli ya HD inayorushwa kwa 8PSK 3/4 (namna ya kupakia picha kwenye mawimbi) inahitaji karibu desibeli 8 ili picha isimame. Ukiiacha kwenye 9 siku ya jua, akiba yako ni desibeli moja, na manyunyu tu yanaimaliza. Mkitafuta 13, mnakuwa na akiba ya tano, na mvua nyingi za kawaida mtazivuka. Dishi likitoka sentimita 60 kwenda 90 mnaongeza desibeli 3.5. Kutoka 90 kwenda 120 mnaongeza 2.5. Kwa kibanda cha biashara ningenunua la sentimita 120 bila kufikiri mara mbili, ila jicho lake ni jembamba zaidi, nyuzi moja na nusu, na upepo unalishika zaidi, kwa hiyo nguzo iwe nene na ijengewe zege.

Mvua ya masika yenye ngurumo inaweza kuikata hata kazi iliyofungwa vizuri, waambieni wateja ukweli huo. Wakati mwingine kwenu kukavu na picha imekatika. Sababu ni kwamba kutoka Dar mawimbi ya nyuzi 7 yanapita kwenye tabaka la mvua kwa mshazari, kwa hiyo wingu lililo kilomita tatu au nne magharibi yenu ndilo linalowazibia. Msipande juu kulichezea dishi. Likipita, picha inarudi yenyewe, mkiligusa, haitarudi.

Kebo ni pale hela ndogo inapokula hela kubwa. Tumieni kebo ya dishi aina ya RG6 ya omu 75 yenye msumari wa kati wa shaba tupu, si chuma kilichopakwa shaba. Kwenye mita 100 kebo hii inapoteza desibeli 20 hivi kwenye masafa ya chini na karibu 30 kwenye ya juu, kwa hiyo kila mita msiyoihitaji ikateni. Msiunge njiani. Kwenye konekta ya F, ile ya kuzungusha mwishoni mwa kebo, hakikisheni hakuna uzi hata mmoja wa wavu wa nje unaogusa msumari wa kati: king'amuzi kinapeleka volti 13 au 18 kwa LNB kupitia waya huo huo, na uzi mmoja unaleta shoti. Konekta ya nje ifungwe kwa utepe wa mpira unaojigandisha, kebo ipinde chini kidogo kabla ya kuingia ndani ili maji yadondokee pale. Maji yakishaingia kwenye kebo, itupeni. Shaba imeshageuka kijani ndani na haitapona.

Kwa wa Dar na pwani yote, kagueni kifuniko cha plastiki mdomoni mwa LNB kila mwezi. Kunguru wanakidonoa, ufa unaingiza maji na nyigu wanajenga humo. Chumvi ya bahari nayo inakula nati. Nunueni za kupakwa zinki na mzipake grisi.

Kuna kukatika ambako hakuna dawa, ila kuna tarehe. Mwezi wa tatu na wa tisa jua linapita nyuma kabisa ya setilaiti, na kelele zake zinayafunika mawimbi yote kwa dakika kadhaa, siku chache mfululizo. Kwetu kusini ya ikweta inakuwa kuanzia Machi 20 hivi na kuendelea, na kabla kidogo ya Septemba 23. Kwa setilaiti ya nyuzi 7 tegemeeni saa tisa alasiri, Dar na Nairobi. Kwa ya nyuzi 36, kati ya saa sita na nusu na saa saba mchana. Bandikeni tangazo mlangoni siku hizo, maana mechi ya ligi ya saa kumi ina watu wanaofika mapema.

Mara chache sana tatizo ni la juu kweli. Oktoba 19, 2024 setilaiti ya Intelsat 33e, iliyokuwa nyuzi 60 mashariki, ilivunjika vipande na wateja wa Ulaya, Afrika na Asia wakapoteza mawasiliano. Na setilaiti huzeeka: Machi 30, 2024 Eutelsat 36D ilirushwa kwa roketi ya Falcon 9 kwenda kuipokea 36B mahali pale pale. Kwa hiyo kabla ya kushika spana, mpigie mwenzako wa mtaa wa pili. Kama na yeye hana picha, shuka.

Jambo jingine litakalowaletea ugomvi ni kuchelewa kwa picha. Safari ya kwenda setilaiti na kurudi ni robo sekunde tu. Kinachochelewesha ni kubana picha studio na kuifungua kwenye king'amuzi, na jumla yake ni sekunde kadhaa. Sauti inatembea mita 340 kwa sekunde. Kibanda kilicho kilomita moja kutoka Mkapa kitasikia uwanja ukilipuka baada ya sekunde tatu, bao likiwa bado halijaonekana kwenye runinga. Intaneti ni mbaya zaidi: hata ukiwa na Starlink, ambayo setilaiti zake ziko chini, kilomita 550 hivi, programu za kutazama mechi hukusanya vipande vya video kabla ya kuonyesha, na unaweza kuwa nyuma ya dishi kwa sekunde 30. Kwa kibanda, dishi liwe la kwanza na intaneti iwe akiba.

Umeme nao upigieni hesabu. Runinga ya inchi 55 wati 120, king'amuzi 15, amplifaya 100, jumla 235. Mechi na mapumziko na muda wa nyongeza, wekeni saa mbili na nusu: wati-saa 590, na inveta inakula zake, fika 690. Betri ya asidi ya volti 12 yenye Ah (ampea-saa) 100 ina wati-saa 1,200, lakini isishushwe zaidi ya nusu, yaani 600. Kwa hiyo betri moja haitoshi. Nunueni Ah 150 au mbili za 100. King'amuzi kipeni UPS yake ndogo, yaani betri ya kukishikilia umeme ukikatika, kwani kikizimika kinachukua dakika nzima au zaidi kuamka.

Kama mna runinga mbili, king'amuzi kimoja na kigawanyio cha HDMI vinatosha, ila kebo ya HDMI ikipita mita kumi picha huanza kupotea. Tumieni vifaa vya kupitisha HDMI kwenye waya wa mtandao wa Cat6. Mkitaka chaneli mbili tofauti, ving'amuzi viwili vinahitaji LNB ya midomo miwili. Kigawanyio cha kawaida hakifai, kwa kuwa king'amuzi kimoja kitaomba volti 13 na kingine 18 kwenye LNB moja.

Kuhusu leseni nitasema bila kuzunguka. Kifurushi cha nyumbani hakiruhusiwi kuonyeshea watu kwa kiingilio. Ulizeni kifurushi cha biashara kwa wakala wenu sasa, si wiki ya mashindano. Zile programu za wizi zinazouzwa kwa bei ya maji huzimwa katikati ya mechi kubwa, kwa kuwa ndipo wenye haki za matangazo wanapozisaka.

La mwisho ni uhai wenu. Nguzo ya dishi iunganishwe kwa waya wa shaba wa milimita mraba 16 hadi fimbo ya ardhini, na fimbo hiyo iunganishwe na ethi ya jengo. Mkisikia ngurumo, hakuna kupanda bati, hata kama ni penalti. Radi ikikaribia chomoeni kebo ya dishi na plagi ya umeme, zote mbili, kisha mtoe watu wanaoegemea nguzo. Atakayedai kiingilio chake siku hiyo, mrudishieni.

Mzee wenu wa madishi,
Dar es Salaam