Tulisingizia maji, kumbe mama hana mate

Ndugu mhariri, naomba nafasi kidogo gazetini maana hili jambo limenikaa rohoni na najua wazee wengi huku Arusha wanapitia kitu hichohicho.

Sisi ni watu wa sehemu inayoitwa Maji ya Chai, hukuhuku Arusha. Meno ya kahawia kwetu sio habari, ni floraidi, yale madini yaliyomo kwenye maji, tukicheka tu watu wanajua tumetokea wapi. Kwa hiyo mama alipoanza kuoza meno akiwa na miaka 61, manne ndani ya mwaka na nusu, yani linaliwa pale chini kwenye fizi mpaka linakatika lenyewe, sote tukasema ni maji tu. Na tulikokuwa tunampeleka wanang'oa, wanatupa dawa ya maumivu, basi, hakuna aliyemuuliza swali hata moja. Kumbe floraidi inaharibu jino likiwa bado linatengenezwa ndani ya taya, utotoni huko, haiwezi ikamuanza mtu uzeeni.

Aliyegundua ni daktari mmoja kijana, alimwingizia kile kioo kidogo mdomoni kikanata shavuni kwa ndani. Akauliza, mama, mkate mkavu unapita bila chai? Mama akamjibu haupiti baba, na usiku naamka ulimi umegandana na kaakaa. Akaomba kuona dawa zake, nikazitoa kwenye mkoba: ile ya presha inayokojoza, na amitriptilini anayomeza kila usiku kwa ajili ya mishipa ya mgongo, mwaka wa tatu huu. Akasema zote mbili zinakausha mate, hasa hiyo ya usiku.

Mi nilijua mate ni ya kulainisha chakula tu. Kumbe mtu mzima anatoa nusu lita mpaka lita moja na nusu kwa siku, na hayo ndo yanasuuza mabaki, yanapoza ile asidi ambayo bakteria wanaitoa wakila sukari, halafu yamebeba kalisiamu na fosfeti za kukarabati jino pale lilipoanza kulika. Usiku yanapungua hata kwa mtu mzima wa afya, sasa fikiria aliyemeza dawa ya kuyakausha. Na mzee fizi zimeshapanda, mzizi uko wazi na hauna ule ugumu wa juu ya jino, ndo unaanza kuliwa.

Kinachoniuma ni kwamba sisi watoto wake ndo tulikuwa tunammaliza. Analalamika mdomo mkavu, tunamnunulia peremende pakiti nzima pale sokoni Kilombero anamumunya kutwa, na chai ya sukari kwenye chupa pembeni anapiga funda mojamoja mpaka jioni. Sukari mdomoni masaa yote, mate hakuna!

Sasa hivi ni maji kidogokidogo, bigijii zisizo na sukari (za kutafuta kweli, nilizipata duka moja tu mjini), na kabla ya kulala anapiga mswaki kwa dawa ya floraidi, anatema bila kusukutua. Bibi zetu huko nyumbani wakisikia floraidi wanaruka, lakini ya kupaka na kutema sio sawa na ya kunywa kwenye maji ukiwa mtoto. Dawa hatukuziacha kienyeji, tulirudi kwa aliyeziandika akampunguzia ile ya usiku.

Ombi langu ni kwa wanaokaa dirisha la dawa. Mnatuambia kula kwanza, usichanganye na pombe, tunawashukuru sana, ila ongezeni na hii: mama, dawa hii itakukausha mdomo, usimumunye pipi, kaangaliwe meno. Haichukui hata nusu dakika na mama yangu hakuna aliyemwambia kwa miaka mitatu. Jumanne tunarudi kuziba mawili, daktari anasema yanaokoleka.

Msomaji wenu,
Sakina, Arusha