Barua kwa shoga yangu matroni

Ngamiani, Tanga

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Sisi wazima. Mama goti linamsumbua lakini haachi kwenda sokoni, na anakusalimu sana. Barua yako kuhusu wasichana wa bweni lako wanaojikuna niliipata kwa yule kijana wa Coaster, na picha ulizonitumia kwenye simu nimezitazama zote. Nyingi ni giza tupu, unisamehe, ila ile ya msichana wa kidato cha pili aliyetanua vidole ni nzuri mno. Hiyo peke yake ingetosha: huo ni upele.

Nikueleze kwa nini nasema hivyo, maana wewe ndiye unayeshinda na kulala nao.

Tazama mahali kwanza. Upele una maskani yake: katikati ya vidole, vifundo vya mikono, makwapa, kuzunguka kitovu, chini ya matiti, matako na sehemu za siri. Uso wa mtu mzima kwa kawaida huwa salama. Halafu tazama saa. Umeniandikia kwamba taa zikizimwa tu, bweni zima linaanza kujikwaruza. Ndivyo ulivyo, mwili ukishapata joto ndani ya blanketi, mwasho unapanda. Na anayewashwa ukimuuliza, mwenzake wa kitanda naye anawashwa.

Ukitaka kuhakikisha, mpeleke huyo binti dirishani asubuhi, mwanga umpige kwa ubavu. Angalia ile ngozi laini kati ya kidole na kidole. Utaona kijistari chembamba cha kijivu, kimepindapinda, urefu wake nusu sentimita hivi, kimeishia kwenye kipele kidogo. Hapo ndipo utitiri jike, yule mdudu mdogo sana anayeleta upele, alipochimba, na humo ndimo anamotaga mayai. Paka wino wa kalamu juu yake, kisha futa kwa pamba yenye spiriti. Wino wa juu utatoka, ule ulionyweka ndani utabaki na mstari wote utajichora mbele yako. Si kila mmoja utampata nao, wengi wameshajikuna mpaka hapasomeki kitu.

Sasa hilo la mkuu wenu kuwasimamisha mstarini na kuwaambia ni wachafu, kwa kweli liliniudhi. Upele haujali umeoga mara ngapi. Unachotaka ni ngozi mbili zikae pamoja kwa muda, na huko Lushoto kwenye baridi ile ya mwezi wa saba, wasichana wanalala wawiliwawili ili waunganishe mablanketi. Mimi na wewe tulifanya hivyohivyo shuleni, usijifanye umesahau. Ukiwatia aibu wataficha, na wakificha watatu tu, mwezi ujao utaniandikia barua hii hii.

Jambo la kulishika hapa ni kwamba anayepata upele kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki nne hadi sita bila kuwashwa hata kidogo, na muda wote huo anawaambukiza wenzake. Ndiyo maana kumtibu anayejikuna peke yake hakusaidii. Bweni zima litibiwe siku moja, wanaowashwa na wasiowashwa, na wewe mwenyewe, na yule mpishi anayelala chumba cha pembeni. Ongea na mganga wa zahanati ya hapo karibu mpange pamoja, asije akakuandikia chupa tano kwa wasichana themanini.

Dawa tunayotumia zaidi ni BBE (benzili benzoeti), ile nyeupe ya maji ya asilimia 25. Wapakwe jioni, mwili ukiwa mkavu na umepoa, si mara tu baada ya maji ya moto. Wakate kucha kwanza. Ianzie shingoni hadi nyayoni, na usiwaamini wakikuambia wamemaliza: kati ya vidole, chini ya kucha, kitovuni, matakoni, kote ipite, ila isiingie machoni wala mdomoni. Wakae nayo saa 24. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea: msichana ananawa mikono ale ugali, dawa yote ya vidoleni inakwenda na maji, na vidoleni ndiko kwenye utitiri wenyewe. Kila anayenawa arudie kupaka mikono. Itachoma kwa waliojichubua, waambie mapema wasije wakalikimbilia bomba. Baada ya wiki moja warudie, au kama mganga atakavyopanga. Mjukuu wako wa miaka minne mchanganyie nusu dawa nusu maji. Wale wa chini ya miaka miwili wapeleke kliniki, usiwapimie mwenyewe.

Siku hiyohiyo ya kupaka, mashuka, nguo za ndani na sare zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Jua la kwenu ni la kubahatisha, najua. Mablanketi yasiyofulika yafunge kwenye viroba kwa wiki nzima. Utitiri ukikosa mwili wa mtu hauvuki siku chache. Magodoro yatolewe nje yapigwe upepo.

Na mwasho hautaisha usiku huo. Utaendelea wiki mbili, pengine hata nne, kwa sababu mabaki ya wadudu waliokufa bado yamo ngozini. Wakikuambia dawa haifanyi kazi, tazama kama kuna vipele vipya. Kama hakuna, tulia. Wasiipake kila siku kwa hasira, BBE nayo inawasha ikizidi.

Zipo pia tembe za ivermektini. Unazijua, ndizo zilezile za kampeni ya matende na mabusha tulizokuwa tunamezeshwa huku Tanga. Unguja na Pemba, kampeni hiyo ilianza 2001, na baada ya miaka michache wagonjwa wa upele kwenye vituo vya afya walipungua sana, ingawa hakuna aliyekuwa akiutibu upele. Hutolewa kwa uzito, na mjamzito hapewi. Kwa idadi yenu, mganga akizipata itakuwa nafuu kubwa kwenu.

Wale wawili uliosema vipele vimekuwa vidonda, vinatoa usaha na kufanya magamba ya manjano, usiwangojee wengine. Wapelekwe kesho, wanahitaji antibayotiki. Ukiona mmoja anaamka uso umevimba, au mkojo umekuwa rangi ya chai ya rangi, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Bakteria wa vidonda hivyo huweza kuziponza figo.

Kuhusu yule wa kidato cha kwanza mwenye viraka kichwani, hayo ni mapunye. Nywele zimekatikia pale pale kwenye ngozi, zimebaki vidoadoa vyeusi na unga mweupe. Choa ya mwilini, ile yenye duara lililoinuka pembeni na kupoa katikati, tunaipaka mafuta ya Whitfield au klotrimazoli na inaisha. Kichwani haitoshi, fangasi amejificha ndani ya shina la unywele. Anahitaji vidonge, griseofulvini kwa kawaida, wiki sita hadi nane, na avimeze baada ya chakula chenye mafuta, maana bila mafuta dawa haifyonzwi vizuri. Maharage ya nazi au karanga za kukaanga zinafaa. Na mashine ya kunyolea, mwambieni kinyozi aisafishe kwa spiriti kila kichwa, la sivyo atawagawia wote.

Mba wa mabegani na kifuani usikusumbue, ni sabuni na dawa ya kupaka tu, na rangi ya ngozi itachelewa kurudi hata fangasi akishakufa.

Ila ile tyubu. Umeniandikia kwamba duka la dawa la hapo mjini linawauzia wasichana tyubu moja kwa kila kitu, na kwamba "inasaidia siku tatu halafu inarudi na nguvu". Nimeisoma kwenye picha: ina dawa ya fangasi, ya bakteria, na steroidi kali ndani yake. Steroidi ndiyo inayozima mwasho. Wekundu unatulia, msichana anafurahi, na chini yake fangasi anatanuka kwa raha zake mpaka ukija kuitazama ile choa haina hata duara la kuijulia. Wakishagundua kwamba inang'arisha, wataanza kuipaka usoni, kisha ngozi itakuwa nyembamba na chunusi zitajaa. Zikusanye zote. Steroidi ina kazi yake, kwa pumu ya ngozi kwa mfano, yule wako anayewashwa kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti tangu utoto, lakini apewe na mganga, kwa siku alizoambiwa.

Nimeacha moja la mwisho kwa makusudi. Yule mpishi wenu mwenye baka lililofifia mkononi, ambalo haliwashi wala haliumi, ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote. Mfumbe macho, uliguse baka kwa ncha ya pamba iliyosokotwa, kisha uguse pembeni yake, akuonyeshe kwa kidole anapohisi. Kama kwenye baka hahisi, mpeleke kwa utaratibu, bila kumtangaza, wakamchunguze ukoma. Unapona kabisa, dawa ni bure, miezi sita au kumi na miwili, na ukiwahiwa mtu habaki na kilema. Wataalamu wa ngozi wakitaka zaidi watampeleka hospitali ya KCMC, Moshi, kwenye kile kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo tangu 1992. Huko ndiko wanakotengeneza pia krimu ya jua ya wenye ualbino. Nimeulizia kwa ajili ya binti wako wa kidato cha tatu, nitakujulisha. Kwa sasa mruhusuni avae kofia pana na mikono mirefu, hata kama si sare.

Niandikie idadi kamili ya wanaolala bwenini, na wafanyakazi, ili nikusaidie kukadiria chupa kabla hujaonana na mganga. Wiki ijayo niko zamu ya mchana, nipigie baada ya saa mbili usiku.

Ni mimi shogayo