Kanga isomwe kabla ya mkasi

Ndugu Mhariri,

Kurasa zenu za mitindo huchapisha mara kwa mara picha za magauni, mashati na makoti yaliyoshonwa kwa kanga. Sisi tunaofundisha ukataji na ubunifu wa mavazi tunafurahi kuona kitambaa chetu kikipanda jukwaani. Ila tukizikagua picha hizo kwa karibu tunakuta jambo linalotuuma: jina la kanga, yaani yale maneno yaliyochapwa juu yake, limekatwa. Mara limebaki nusu ubavuni, mara limesimama wima pajani kama nguzo, mara halipo kabisa kwa sababu limeishia chini ya meza pamoja na vipande vya kufutia cherehani.

Wengi watasema huo ni uzembe wa fundi. Sisi hatuoni hivyo. Tatizo linaanzia vyuoni, ambako nadharia ya utamaduni hufundishwa katika chumba kimoja, kwa maandishi na mtihani, na ukataji katika chumba kingine, kwa chaki na mkasi, na vyumba hivyo viwili havisalimiani. Mwanafunzi anaweza kuandika kurasa kumi kuhusu vazi kama lugha, kisha kesho yake akakata sentensi katikati bila kushtuka.

Tuitandaze kanga mezani. Kipande kimoja kina takriban sentimita 150 kwa 110. Kinazungukwa na pindo pande zote nne, ndani yake upo mji, yaani uwanja wa katikati, na sehemu ya chini ya mji, juu kidogo ya pindo la chini, kuna jina ndani ya kisanduku chake. Vipande viwili vinavyofanana ndivyo doti, na dukani huuzwa vikiwa bado vimeshikana. Ukingoni, pale ambapo fundi hukata bila kutazama, mara nyingi pameandikwa jina la mwenye mchoro. Leso, yaani kanga, za duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanza mwaka 1887, zinajulikana hadi leo kwa maneno "Mali ya Abdulla". Kwa hiyo kipande kimoja cha pamba kina sauti mbili: ya anayesema na ya aliyechora. Mkasi mmoja unaweza kuzinyamazisha zote.

Jambo ambalo vitabu vya mitindo havilisemi ni mahali jina linapokaa mwilini. Mwanamke akijifunga kanga kiunoni, jina huangukia nyuma. Akijitanda ya pili kichwani, jina la pili hushuka mgongoni. Yeye mwenyewe halioni. Anayelisoma ni yule aliyebaki nyuma, wakati msemaji keshapita na anaendelea na safari yake. Ndiyo maana "Hasidi hana sababu" inaweza kupita mbele ya mlango wa jirani bila ugomvi kuzuka. Jirani akiuliza, jibu lipo tayari: nimevaa kanga tu, wewe umeona nini? Fumbo linalindwa na mgongo.

Sasa chukua jina hilohilo ulipandishe kifuani. Maneno hayajabadilika hata herufi, lakini tendo limebadilika. Sasa msemaji anamtazama msikilizaji usoni, wala hana pa kujifichia. Limekuwa tangazo, kama maandishi ya fulana ya kampeni. Mbunifu ana haki ya kufanya hivyo, na huenda kuna ujumbe unaostahili kupandishwa kifuani. Tunachotaka ni kwamba ajue amefanya hivyo, na aweze kueleza kwa nini.

Hapo ndipo nadharia inapoingia mkononi mwa fundi. Mwaka 1973 Stuart Hall, msomi aliyezaliwa Jamaica na kufanya kazi Uingereza, alieleza kwamba ujumbe haufiki kwa mpokeaji kama ulivyotumwa. Mpokeaji anaweza kuukubali, kukubaliana nao nusu kwa nusu, au kuupinga. Yeye alikuwa akizungumzia televisheni. Kwa Mswahili jambo hilo limo ndani ya lugha yenyewe: kuna kufumba na kuna kufumbua, na kila mnunuzi wa kanga anajua kwamba anayefumba hana mamlaka juu ya anayefumbua. Naye Roland Barthes, katika kazi yake ya mwaka 1967 juu ya mitindo, alilitenganisha vazi halisi na vazi la picha na vazi la maandishi, yaani maelezo yanayoandikwa gazetini chini ya picha. Kanga inamlazimisha aongeze mstari, maana hapa maandishi yamo kwenye vazi lenyewe. Tunawaambia wanafunzi wetu wasome nadharia za nje, kisha waziweke kando ya doti waone zinapopwaya. Na wasianzie huko tu: Saida Yahya-Othman wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika mwaka 1997 kuhusu majina ya kanga na sauti ya wanawake, na wapo wanafunzi wanaomaliza kozi bila kulisikia jina lake.

Historia nayo isomwe kwenye kitambaa. Kila darasa la ubunifu lina jora la pamba isiyopaushwa ya kushonea nguo za majaribio. Wanafunzi huiita kitambaa cha bei rahisi, basi. Lakini hiyo ni ndugu wa merikani, pamba iliyoletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Marekani katika karne ya 19 na kupewa jina la nchi ilikotoka. Ikitiwa rangi ya nili ilikuwa kaniki, na hayo ndiyo mavazi waliyovishwa watumwa. Baada ya utumwa kufutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa walivua kaniki wakajifunga kanga za rangi. Kwao rangi na maua yalikuwa tamko la uungwana, yaani la kuwa watu huru. Mbunifu anayetaka kurudisha kaniki jukwaani kama "nyeusi ya kisasa" ajue anagusa kidonda cha nani. Pengine atakigusa kwa heshima na kazi yake itakuwa na nguvu zaidi.

Tuje kwenye mkasi. Tunapendekeza hatua hizi, nazo zimepangwa ili uamuzi wa maana utangulie uamuzi wa vipimo.

Kwanza loweka doti usiku kucha katika maji matupu, kisha ianike kivulini. Kanga mpya ina wanga mwingi unaoifanya ionekane nzito kuliko ilivyo. Ikisinyaa asilimia 5, sentimita 110 zinakuwa 104.5, na gauni lililokatwa kabla ya kulowekwa litapanda juu ya kifundo baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Kabla ya kuloweka, bonyeza kitambaa cheupe chenye maji juu ya rangi nyekundu na nyeusi. Kikitoka na doa, doti hiyo ifuliwe peke yake hadi maji yatoke meupe, na isiunganishwe na kitambaa cheupe. Kisutu, chenye nyekundu, nyeusi na nyeupe pamoja, kipimwe bila kukosa.

Kisha nakili jina lote kwenye karatasi, uwasomee watu watatu wa rika tofauti. Usiwaulize maana yake nini, kwa sababu watakupa tafsiri ya kamusi. Waulize ungempa nani kanga hii, ungeivaa siku gani, na nani angekasirika akiiona. Andika majibu kama yalivyo. Majibu hayo ndiyo utafiti wako, na yatakuamulia mambo ambayo mchoro wa gauni hauwezi kuyaamua.

Chora ramani ya kanga kwa kipimo cha moja kwa kumi, yaani sentimita 15 kwa 11, ukionyesha pindo, mji, jina na maandishi ya ukingoni. Panga vipande vya gauni juu ya ramani hiyo kabla ya kugusa kitambaa. Hapa ndipo makosa mengi hujitokeza mapema. Gauni refu kutoka begani hadi kifundoni linahitaji kama sentimita 140, na kanga ina 110 kwa kimo, hivyo fundi huizungusha apate zile 150. Akishaizungusha, jina linasimama wima na pindo la chini linakuwa ubavuni. Dawa yake ni kulikata gauni kiunoni na kuiacha kanga ilale kama inavyovaliwa.

Sketi ichukue kipande kizima cha kwanza. Upana wa 150, ukitoa nafasi ya mshono ya sentimita 1.5 kila upande, unabaki 147. Kwa nyonga za sentimita 104 una sentimita 43 za ziada, zinatosha marinda bila kuongeza kitambaa (upana nao ulisinyaa, kwa hiyo pima upya kabla ya kugawa). Weka katikati ya jina katikati ya nyuma. Mapindo mawili ya wima yatakutana mbele kama mbao mbili za mlango, na hapo ndipo pa mshono pekee wa sketi. Marinda yasukumwe mbele na ubavuni, ukiacha kama sentimita 30 za nyuma bila mkunjo, ili herufi zisijifiche. Kama mvaaji ni mfupi, punguza juu, kamwe usipunguze chini. Pindo la juu utakalolikata lina kazi: ndilo mkanda wa kiuno. Mkunjo wa kushonea chini uwe wa sentimita 1 tu.

Adui mkubwa wa jina ni zipu ya katikati ya mgongo. Vipimo vingi vya vitabuni vinaiweka hapo, mwanafunzi anafuata, na mshono wa zipu unashuka hadi chini ukipasua jina vipande viwili. Hamishia ufunguzi mbele: vifungo kwenye blauzi, na sentimita 20 za juu za mshono wa mbele wa sketi ziachwe wazi zifungwe kwa zipu au vishikizo.

Blauzi itoke kwenye mji wa kipande cha pili, juu ya jina. Mapindo yakiwa ya sentimita 15, na kanga ikiwa imesinyaa asilimia 5 kila upande, mji unabaki wa kama 112 kwa 74, na ukiacha nafasi ya jina una kimo cha takriban 60. Mbele na mgongo, kila kimoja chenye upana wa 52 na urefu wa 45, vinakaa bega kwa bega bila kubanana. Mikono mifupi itoke kwenye mapindo. Linabaki jina la pili, utepe mrefu usiokatwa. Tunapenda lishonwe ndani ya mgongo wa blauzi, upande wa mwili, ambako atalijua mvaaji pekee, au arudishiwe mteja amkabidhi dada au shoga, kama ilivyo desturi ya kugawana doti.

Mbunifu akiamua kukata jina, akate akijua sarufi. Ukanushi wa Kiswahili hukaa mwanzoni mwa kitenzi, kwa hiyo upande wa kushoto wa jina una uzito kuliko wa kulia. Chukua "Usisafirie nyota ya mwenzio". Herufi tatu za mwanzo zinaweza kumezwa zote na mshono wa ubavu uliobanwa kiunoni. Linalobaki ni "safirie nyota ya mwenzio": onyo limegeuka kuwa ruhusa. Katika "Sisi sote abiria, dereva ni Mungu", mkasi ukipita katikati, nusu ya kwanza inabaki na abiria wasio na dereva. Makosa haya huonekana zaidi kwenye mashati yanayoshonwa kwa ajili ya watalii, kwa kuwa mshonaji anadhani mnunuzi hasomi. Shati hilo litavaliwa pia barabarani Zanzibar na Lamu, mbele ya watu wanaosoma.

Jambo la mwisho la kiufundi ni la kubana. Kanga ni pamba nyepesi iliyofumwa kwa kujifungwa, si kwa kuvutwa. Ukiishona gauni la kubana nyonga bila bitana, yaani kitambaa cha ndani, nyuzi huteleza kando ya mshono na kuacha vitundu siku ya kwanza mvaaji akikaa. Tumia sindano namba 11, mshono wa milimita 2.5, na bitana ya pamba nyepesi ibebe mvuto. Au, bora zaidi kwa maoni yetu, buni umbo linalokubali asili ya kitambaa: la kuzunguka, kupishana na kufungwa.

Kwa vyuo, ombi letu ni dogo. Mwanafunzi asikabidhiwe mkasi kabla ya kuwasilisha ramani yake ya moja kwa kumi pamoja na majibu ya wasomaji wake watatu, na alama za nadharia zitolewe hapohapo mezani, kwa nguo iliyoshonwa.

Kwako, Mhariri, ombi ni la mistari miwili ya maandishi. Mnapochapisha picha ya vazi la kanga, chini yake mnaandika jina la mbunifu, la mwanamitindo na la mpiga picha. Tafadhali ongezeni jina la kanga lenyewe, lote, kama lilivyochapwa, na mseme limekaa wapi mwilini: nyuma, kifuani, ndani, au limekatwa. Kama ukingoni paliandikwa mwenye mchoro, naye atajwe.

Wenu,
Walimu wa ukataji na ubunifu wa mavazi,
Dar es Salaam