Ibada ya Shukrani kwa Bibi Kutimiza Miaka 90

Ndugu wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Kama tulivyokubaliana, ibada itafanyika nyumbani Machame, Jumamosi ya kwanza ya Desemba, saa nne asubuhi. Michango ipelekwe kwa mweka hazina kama kawaida.

Bibi alipata kipaimara enzi za Mwingereza, katika usharika uliotokana na kazi ya wamisionari wa Leipzig waliofika Machame mwaka 1893, na makanisa saba ya Kilutheri yalipoungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) mwaka 1963, yeye alikuwa tayari mama mwenye mtoto mgongoni. Tangu tupate akili hatujamwona akienda ibadani mikono mitupu: kama si mkungu wa ndizi kutoka kihambani, yaani shamba la nyumbani, ni mayai aliyoyafunga kwenye kanga kwa ajili ya mnada wa sadaka, hata miaka ile bei ya kahawa ilipoanguka na karo zetu zikamwelemea. Nakiri kwamba utotoni sikuielewa sadaka ile. Leo naiona ni kubwa mno.

Mnaifahamu Biblia yake, ile yenye jalada lililoshonwa kwa uzi mweusi. Kurasa zake za mwisho zina majina yetu sote kwa penseli, kila mmoja na tarehe yake ya ubatizo. Mkono wake sasa unatetemeka, na vitukuu wanne hawajaandikwa. Wazazi wao, tafadhali nitumieni tarehe hizo kabla ya Ijumaa, ili nimwandikie naye akiwa ameketi kando yangu.